Kichujio cha Tabo Katika Vumbi la Meru

Msomaji wa Unguja au Pemba apandaye Arusha kwa mara ya kwanza katika mwezi wa Agosti hushangazwa na mambo mawili: baridi ya asubuhi, na vumbi. Mchanga wetu wa visiwani ni mzito, hautimki mbali, na unyevu wa bahari huutuliza upesi. Vumbi la miteremko ya Mlima Meru ni jingine kabisa. Mlima huo, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ni volkeno, na udongo wake ni majivu ya kale yaliyokuwa laini mfano wa unga, lakini yenye chembe ngumu zenye makali. Gari moja likipita njia ya udongo ya Ngarenanyuki, upande wa ukame wa mlima, wingu lake hubaki hewani hata gari lenyewe limekwisha kutoweka.

Tumeona vyema kulizungumza jambo hili kwa sababu magari yenye tabo sasa ni mengi, bara na visiwani: Subaru Impreza na Forester zilizotumika kwanza Japani, na kadhalika magari makubwa ya dizeli ya ofisi za serikali. Aidha pamezuka mtindo, hasa miongoni mwa vijana, wa kuking'oa kichujio cha hewa cha kiwandani, kile ambacho mafundi hukiita eakilina, na kutia mahali pake kingine cha dukani chenye umbo la kawa, kilicho wazi bila sanduku, kwa kutumaini kwamba gari litaongeza nguvu.

Mpwa wangu, mzaliwa wa Mkoani aliyehamishiwa kazini Arusha, alifanya hivyo. Kwa muda wa kiangazi kimoja alistarehe na ule mlio wa hewa chini ya boneti, ambao, tuseme kweli, unapendeza sikioni. Mvua za vuli zilipoanza gari lilikuwa likitoa moshi wa buluu na kula oili. Fundi alipolifungua bomba linalotoka kwenye kichujio alipitisha kidole ndani, akamwonyesha: kidole kilikuwa chekundu kwa udongo. Matengenezo ya injini yalimla mshahara wa miezi minne.

Hebu tulitazame jambo lenyewe. Kuchoma lita moja ya petroli, injini huhitaji hewa ipatayo lita 9,000. Injini ya lita mbili, hata isiyo na tabo, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huvuta lita 180,000 kwa saa moja. Yenye tabo huvuta zaidi ya hapo inapobeba mzigo. Tabo yenyewe ni pangaboi dogo linalozungushwa na moshi utokao katika injini, na mizunguko yake hupita laki moja kwa dakika. Chembe ya vumbi ikigonga ncha za pangaboi lendalo kasi hiyo huzila kidogo kidogo. Ikipita hapo huingia silindani, ikachanganyika na oili na kuwa msasa baina ya ringi na ukuta wa silinda.

Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni kama asilimia 85 tu ya ile ya Forodhani. Ndiyo maana tabo hupendwa huko: gari lisilo nayo hulemewa na vilima, lenye nayo halijali sana. Lakini ili kuipata hewa ile ile, pangaboi hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na vumbi humkuta mwenyewe akiwa hoi.

Muuzaji wa kichujio cha wazi atakwambia kwamba kinapitisha hewa kwa wepesi zaidi. Hasemi uongo. Asilolisema ni kwamba mara nyingi wepesi huo hununuliwa kwa kuachia vumbi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kichujio kimoja kinanasa sehemu 99 katika 100, kingine 97. Masikioni tofauti ni ndogo, lakini injini haili kilichonaswa, hula kilichopita; na hapo cha pili kimepitisha mara tatu ya cha kwanza. Tena kikikaa wazi karibu na rejeta huvuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni hafifu, hivyo hata nguvu iliyotarajiwa hupungua.

Wapo watakaotaja mashindano. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilishindwa na Toyota Celica zenye tabo miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Ni sifa kubwa. Lakini injini ya mashindano hufunguliwa na mafundi baada ya kazi ya siku chache. Ya mtumishi wa serikali yatakiwa idumu miaka kumi.

Basi kwa anayeishi au kusafiri pande za Meru, karatasi ndani ya sanduku la kiwandani ndiyo chaguo letu la kwanza. Sponji ya oili hufaa ikiwa mwenyewe ana subira ya kuiosha na kuipaka upya. Shashi ya pamba iliyotiwa oili huhitaji mkono wa kiasi, kwani oili ikizidi hupeperuka ikachafua waya mwembamba unaopima hewa, na gari likaanza kukohoa. Muuzaji aulizwe matokeo ya kipimo cha ISO 5011. Asiyekuwa nayo, mwachie mali yake. Ukingo wa mpira nao utazamwe, maana kichujio bora kisichokaa sawasawa hakizuii kitu. Pakaza grisi nyembamba ndani ya bomba baada ya kichujio, endesha siku moja vumbini, kisha uguse: ukikuta mchanga, umepata jibu.

Kwa maofisa wenye dhamana ya magari ya umma tuna neno la pekee. Kitabu cha huduma hutaja kilomita za njia za kawaida na, ukisoma zaidi, hutaja muda mfupi zaidi kwa njia za vumbi. Gari la Longido au Monduli lihesabiwe kwa hizo za pili. Kununua kichujio cha bei ya chini kuliko vyote ili kuokoa shilingi chache ni hesabu mbovu kwa injini ya dizeli yenye tabo. Madereva nao wakatazwe kupuliza karatasi kwa upepo mkali wa kompresa kila jioni. Karatasi hutoboka, na isitoshe kichujio chenye vumbi la kiasi hunasa vizuri kuliko kipya. Gari likiwa na kichujio cha pili cha ndani, hicho hakisafishwi kamwe, hubadilishwa.

Mpwa wangu amerudisha sanduku la kiwandani, alilolipata kwa shida katika spea za mtumba. Kile kichujio cha kawa alimpelekea fundi yule amuuzie. Fundi amekitundika msumarini ukutani, na kila mteja akiulizia bei humwambia kwanza apitishe kidole ndani.