Msimamizi na mfanyakazi aliyeumizwa na masimulizi ya wengine

WASICHANA 11 waliwasilisha kesi katika Mahakama Kuu ya Meru mnamo Oktoba 2012, wakiwa pamoja na shirika la Ripples International, linalowahudumia watoto waliodhulumiwa. Walilalamika kwamba polisi hawakuchunguza ipasavyo visa vya kunajisiwa kwao. Mnamo Mei 27, 2013, Jaji J.A. Makau aliamua kuwa uzembe huo ulikiuka haki zao za kikatiba, akaamuru uchunguzi wa haraka na wa kina ufanywe.

Kesi hiyo ilivuma hadi ng'ambo. Lisilozungumzwa sana ni kwamba kabla ya kisa cha aina hiyo kumfikia jaji, huwa kimesikilizwa na watu wengi: muuguzi, mshauri nasaha, afisa wa watoto, karani anayepiga chapa taarifa na, mara nyingine, mkalimani wa Kimeru au Kiembu ambaye hulazimika kuyatamka maneno ya mtoto kana kwamba yalimpata yeye mwenyewe.

Hao nao huumia. Methali husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hawa huwajua kunguni wa vitanda wasivyovilalia. Wataalamu hukiita kiwewe cha pili, yaani kile kinachompata mtu kwa kusikiliza. Mwaka uo huo wa 2013, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilikubali katika mwongozo wake kwamba polisi anayesikia maelezo ya dhuluma za watoto mara kwa mara anaweza kuugua maradhi ya kiwewe ingawa hakushuhudia chochote.

Ugumu ni kwamba dalili zake hufanana na utepetevu. Mfanyakazi hodari huanza kuchelewa, faili za aina moja zikabaki mezani mwake bila kufunguliwa, akawa mkali kwa wateja au akawasikiliza kwa uso mkavu. Usiku hapati usingizi. Msimamizi asiyejua humwandikia barua ya onyo, na hapo ndipo wengi huamua kuacha kazi.

Inafaa msimamizi amwite faraghani, amweleze alichokiona bila kulaumu, kisha aguse kilicho mikononi mwake: mgao wa kazi. Visa vizito visirundikwe kwa mtu mmoja eti kwa sababu anaviweza. Anayetoka kutoa ushahidi kortini asipokezwe mtoto mwingine alasiri hiyo hiyo. Dereva na mpishi wa makao wasisahaulike. Watoto huwasimulia mengi.

Kuwakusanya wafanyakazi wote mara moja na kuwalazimisha wasimulie yaliyowachoma si tiba. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha namna hiyo kwa waliopatwa na mkasa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kulinda usalama, afya na ustawi wa walio kazini. Hatuoni ni kwa nini akili ibaguliwe.

Msimamizi asijigeuze mshauri nasaha wa wafanyakazi wake. Ni nani atakayemfungulia moyo mtu atakayeamua kama atapandishwa cheo? Vituo vya Meru vingeweza kupatana na vya Embu ili washauri wa huku wawasikilize wa kule, angalau mara moja kwa mwezi, na nauli ya kupitia Chuka iingizwe katika bajeti kama inavyoingizwa karatasi na wino.