Kufundisha Kiingereza Nje: Pasipoti Inasomwa Kabla ya Cheti

Mwaka wa tatu ukifika mwishoni, sisi wa ualimu tunaanza kurushiana matangazo: walimu wa Kiingereza wanahitajika Asia, nyumba bure. Foleni ya ajira hapa nyumbani kila mtu anaijua. Nami jina langu litaingia humo hivi karibuni, kwa hiyo nimekaa nikasoma masharti ya viza, nchi moja moja.

Korea Kusini usijisumbue. Viza yao ya walimu wa lugha, E-2, kwa upande wa Kiingereza imewekwa hasa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Uwe na GPA ya kutisha, uwe umesoma Kiingereza tangu chekechea, Mtanzania hayumo.

China nako, kanuni inataka mwalimu wa lugha, kimsingi, afundishe lugha mama ya nchi yake. Kwa hesabu hiyo sisi tungeenda kufundisha Kiswahili, na kweli Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing kinakifundisha. Ila nafasi za namna hiyo ni za kuhesabu.

Thailand ndiko mlango umeachwa wazi kidogo, na hapo shahada ya ualimu ina uzito. Asiye mzawa wa Kiingereza huombwa matokeo ya mtihani, mara nyingi TOEIC alama 600. Ukipata shule, shule ndiyo inakuandalia barua na mkataba, wewe unaomba viza ya Non-Immigrant B ukiwa bado nje ya Thailand. Unaingia na siku 90. Ndani ya siku hizo shule inakuombea kibali cha kazi, halafu unaongezewa muda wa kukaa. Kama huna leseni ya ualimu ya kwao, shule inakuombea ruhusa ya muda kwenye baraza lao la walimu.

Sasa utamsikia wakala: "Dogo, ingia na viza ya utalii, mengine utabadilisha hukohuko." Muulize swali moja tu: faini atalipa nani? Sheria ya Thailand kwa mgeni anayefanya kazi bila kibali ni faini ya baht 5,000 hadi 50,000, kisha kurudishwa kwao. Na mshahara ambao hujalipwa utaudai ukiwa wapi? Wakala wa kweli anakuonyesha leseni yake ya hapa nchini na jina la shule kabla hajataja hela.

Kinachochelewesha watu ni karatasi. Cheti halisi, transkripti, na hati ya polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu. Nyaraka hizi kwa kawaida zinapitia Wizara ya Mambo ya Nje kuthibitishwa, kisha ubalozi. Mimi ya polisi nitaiacha mwisho, kwa sababu huwa wanaitaka ikiwa mpya. TOEIC naanza kuiwekea akiba kwenye bumu lijalo.