Kupiga kopo mara moja siyo kipimo: jinsi ya kupima usahihi wa bunduki ya .22

Mahindi yakianza kubeba huku Mkuyuni, Kiroka na Kinole, simu ninazopokea nyingi siyo za mbolea tena. Ni nyani, ngedere na nguruwe pori. Watoto wanakosa shule kwa sababu ya kulinda shamba, na akina mama wanalala kwenye vibanda vya nyasi.

Kijiji kimoja cha mteremkoni kilipata wazo. Kuna mzee pale ana bunduki ya .22 yenye leseni. Kamati ikapendekeza kila kaya imchangie debe moja la mahindi baada ya mavuno, naye alinde mashamba. Mjumbe mmoja akaniambia, "Bwana shamba, huyu mzee hakosei. Mwaka juzi alipiga kopo kwa risasi moja tu."

Debe moja kwa kaya siyo mchezo, hasa kwa mwenye robo eka. Nikawauliza: mkinunua mfuko wa mbegu, mnaotesha punje moja, ikiota mnasema mfuko wote ni mzuri? Hapana. Unahesabu punje mia, unaziweka kwenye kitambaa chenye unyevu, unaona ngapi zimeota. Bunduki nayo ni hivyo hivyo. Kopo moja linaweza kuwa bahati.

Mzee akakubali ipimwe. Aliomba kibali polisi, tukaenda kwenye uwanja wa shabaha mimi, yeye na mwenyekiti wa kamati. Jamani, msijaribu bunduki nyuma ya nyumba wala shambani.

Kwanza tuielewe silaha yenyewe. Risasi ya .22 Long Rifle ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887. Fataki yake imepakwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, siyo katikati kama risasi kubwa. Kipini kinapiga ukingo, fataki inawaka, baruti inafuata. Kipande cha risasi kinachoruka kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Bunduki ya mzee ni ya mashindano ya shabaha, ina mtutu mzito. Kwenye mashindano ya mita 50, duara la katikati lenye alama kumi lina upana wa milimita 10.4, yaani dogo kuliko kifuniko cha soda. Kwa hiyo bunduki za aina hii zinaweza kuwa sahihi sana. Swali ni kama hii yetu ni sahihi, na kwa risasi zipi.

Tulifanya hivi:

1. Tulipima mita 50 kwa futi kamba, siyo kwa hatua. Nyuma ya karatasi kulikuwa na tuta la udongo.

2. Bunduki ililazwa juu ya viroba vya mchanga, mbele na nyuma, ili mkono wa mtu usiharibu kipimo.

3. Tulikwenda asubuhi upepo umetulia. Upepo mdogo tu wa ubavuni unaweza kuisogeza risasi hii sentimita moja au mbili kwa mita 50.

4. Kila tulipobadilisha aina ya risasi, mzee alipiga chache za kuuzoesha mtutu, hazikuhesabiwa.

5. Alipiga tano tano kwenye karatasi tatu, akilenga sehemu ile ile. Tukapima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu lililo mbali nalo zaidi.

Boksi la kwanza lilitoa milimita 62, 55 na 71. Boksi la pili, la kiwanda kingine, likatoa 24, 31 na 27. Bunduki ile ile, mzee yule yule, asubuhi ile ile! Wastani wa kwanza ni 63, wa pili ni 27. Kila mtutu una risasi unazozipenda. Ndiyo maana washindani wakubwa wanapeleka bunduki zao viwandani, kama Eley kule Birmingham, Uingereza, au Lapua kule Schönebeck, Ujerumani, zikafungwe na kupimwa kwa toleo moja baada ya jingine la risasi.

Angalia jambo lingine. Matundu yakikaa pamoja lakini pembeni ya ulipolenga, hiyo ni kazi ya kurekebisha kilengeo tu. Yakitawanyika, kugeuza kilengeo hakusaidii kitu. Wengi wanachanganya hayo mawili.

Mwenyekiti akafurahi: "Basi imefaulu!" Nikamwambia bado. Nikamwomba mzee apige tano za boksi zuri akiwa amesimama, bila kiroba, kama atakavyokuwa shambani. Kundi likawa milimita 190. Tofauti hiyo siyo ya bunduki wala ya risasi, ni ya mkono na pumzi.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye mteremko wa Uluguru. Bunduki iliyorekebishwa kwa mita 50, ikipigwa mita 100, risasi inashuka karibu shubiri nzima chini ya ulipolenga. Ukipiga kuelekea juu au chini ya mlima, inapita juu kidogo kuliko kwenye tambarare. Nyani naye hasimami akusubiri. Matokeo yake ni mnyama aliyejeruhiwa, na nguruwe pori aliyejeruhiwa anaua mtu. Risasi iliyokosa inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na ng'ambo ya bonde kuna mtu analima migomba.

Mzee mwenyewe ndiye aliyesema, "Mwanangu, karatasi haina upendeleo. Mahindi ya watu siyachukui." Kamati ikaamua madebe yale yalipe vijana wanne wa zamu, wenye mbwa na mabati ya kupiga, kuanzia alfajiri.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Ukiwa na bunduki yenye leseni, ipime kwa makundi matatu ya risasi tano, kwa kila aina ya risasi, uwanjani na kwa kibali. Andika tarehe na matokeo. Halafu pima na mkono wako pia. Wanyama wakizidi, mwone mtendaji wa kijiji, mkamwite afisa wanyamapori wa wilaya. Yeye ndiye anayejua mnyama gani anaruhusiwa kuuawa na nani aue. Na ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, msiingie na silaha kabisa.

Mwenye swali aniulize. Wiki ijayo tutaongelea kukausha mahindi yaliyovunwa na mvua.