Cheti Kipo, Kazi Iko Wapi?

Serikali ikizungumzia mafunzo ya ufundi kwa watu wenye ulemavu, takwimu inayosikika zaidi ni ya wanafunzi: wangapi wamedahiliwa, wangapi wamehitimu. Chuo cha Yombo, Dar es Salaam, kimekuwa kikifundisha fani kama ushonaji na useremala tangu miaka ya 1970. Vyuo vingine vya aina hiyo, kikiwamo cha Luanzari mkoani Tabora na cha Mtapika mkoani Mtwara, vilikaa vimefungwa kwa miaka kabla ya kazi ya kuvifufua kuanza. Kuvifufua ni jambo jema, hasa katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Lakini anayesomea ushonaji hakwenda chuoni kutafuta mahafali. Alikwenda ili aje ashone na kulipwa, na habari tunayoihitaji ni ya mwaka mmoja baada ya mahafali: nani yuko kwenye cherehani, nani amerudi kukaa nyumbani? Naona kizuizi kikubwa kiko kwa mwajiri kuliko kwenye ujuzi wa mhitimu, na mafunzo yanayoishia kabla ya kumfikia mwajiri yatazaa vyeti vingi kuliko ajira.

Hoja ya waajiri tunaijua: tungewachukua, ila wenye sifa hatuwaoni. Kwa sehemu ni kweli, kwa sababu mtoto kiziwi aliyesoma bila mwalimu wa lugha ya alama hafiki mbali, na chuo cha ufundi hakiwezi kufuta kwa miezi michache kilichokosekana kwa miaka yote ya shule. Hata hivyo, hoja hiyo imewahi kujaribiwa kwenye mizani. Nchini Marekani, watafiti wa vyuo vikuu vya Rutgers na Syracuse walituma barua zaidi ya 6,000 za maombi ya kazi ya uhasibu, za waombaji wa kubuni wenye sifa zilezile. Baadhi ya barua zilitaja kwamba mwombaji ana ulemavu usioathiri kazi hiyo, nyingine hazikutaja. Zilizotaja zilipata majibu ya kutia moyo pungufu kwa asilimia 26. Linalonishtua zaidi ni kwamba pengo lilikuwa kubwa kwa waombaji wenye uzoefu wa miaka kuliko kwa wanaoanza, kwa maana kwamba ujuzi ulipoongezeka mlango haukufunguka zaidi. Pengo hilo pia lilionekana hasa kwenye kampuni ndogo zenye wafanyakazi chini ya 15, ambazo sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ya kuzuia ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu haizigusi. Uhasibu si ushonaji na Marekani si Tandika ya Dar es Salaam, lakini hofu ya mwajiri anayeona neno "ulemavu" kwenye karatasi haina uraia.

Tanzania haikosi sheria. Ile ya mwaka 1982 iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi watenge asilimia 2 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikashusha kizingiti hadi wafanyakazi 20 na kupandisha kiwango hadi asilimia 3. (Asilimia 3 ya watu 20 ni sehemu sita ya kumi ya mtu, ili adaiwe mtu mmoja mzima, mwajiri anahitaji wafanyakazi 34. Hesabu za bungeni nazo zina vituko vyake.) Kinachokosekana ni bei ya wazi ya kutotii. Nchini Ujerumani, mwajiri mwenye nafasi 20 au zaidi asiyefikisha asilimia 5 hulipa ada kwa kila nafasi iliyobaki wazi, na fedha hizo hurudi kusaidia ajira za watu wenye ulemavu. Japani, ambayo kiwango chake kilipanda hadi asilimia 2.5 mwaka 2024, hutoza kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 100 yeni 50,000 kwa mwezi kwa kila mtu anayepungua. Ada nayo haitoshi bila macho ya ukaguzi. Mwaka 2018 iligundulika kwamba wizara za Japani zenyewe zilikuwa zimejaza hesabu kwa wafanyakazi zaidi ya 3,000 ambao hawakustahili kuhesabiwa. Ilikuwa serikali ile ile inayozitoza kampuni.

Tuseme basi mwajiri amebanwa na sheria. Bado ana woga wake, na woga huo hautibiwi na cheti, kwa sababu cheti hakimwonyeshi fundi kiziwi atakavyoelewana na msimamizi wa zamu. Hapa ndipo utaratibu wa mafunzo wenyewe unapaswa kugeuzwa. Mazoea ya miaka mingi, kwetu na ughaibuni, ni kumfundisha mtu kwanza mahali pa pembeni, kisha kumtafutia kazi. Njia nyingine humpeleka kwenye kazi halisi mapema, akafundishwa hapohapo huku mshauri akimfuatilia yeye na mwajiri wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulizilinganisha njia hizo mbili katika miji sita ya Ulaya, ikiwamo London na Sofia, kwa watu 312 wenye maradhi makali ya akili. Waliopelekwa kazini kwanza, asilimia 55 walipata kazi za kawaida. Waliopitia njia ya kujifunza kwanza, asilimia 28. Tanzania haihitaji kutafuta jina la njia hiyo, maana uanagenzi tunao na serikali tayari inagharimia mafunzo ya namna hiyo kwa vijana. Inatosha wanafunzi wa Yombo na wenzao wamalizie masomo yao ndani ya karakana na viwanda vya kweli, na mwajiri anayewapokea apunguziwe tozo ya ufundi stadi anayolipa.

Atakayepinga atasema kwamba Watanzania wengi hawajaajiriwa na mtu, wanajiajiri, kwa hiyo habari za viwango na waajiri ni za wachache. Pingamizi hili ni zito. Kwa ajili ya hao ipo mikopo ya halmashauri, ambapo asilimia 10 ya mapato ya ndani hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa kasoro za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024. Lakini fundi mwenye mkopo bila wateja ni mdaiwa tu. Uanagenzi humpa anayejiajiri kitu ambacho darasa halimpi: kujulikana na wateja, na kumjua muuza vitambaa anayekopesha. Wengine wataogopa gharama, ingawa uchunguzi wa miaka mingi nchini Marekani unaonyesha kuwa karibu nusu ya marekebisho anayohitaji mfanyakazi mwenye ulemavu hayagharimu kitu: ni kuhamisha meza, kubadili zamu, kuandika maelekezo badala ya kuyasema. Pingamizi ninalolikubali ni moja. Chuo kikipimwa kwa idadi ya walioajiriwa, kitavutiwa kudahili wenye ulemavu mwepesi na kuwaacha wengine. Dawa yake ni kukipa chuo alama kubwa zaidi kwa mhitimu ambaye kumpatia kazi ni kugumu zaidi, na kuchapisha hesabu hizo kila mwaka kwa aina ya ulemavu.

Hadi zitakapochapishwa, msomaji unaweza kuanza na za kwako. Kama mahali unapofanya kazi pana watu 100, sheria ya mwaka 2010 inataka 3 kati yao wawe watu wenye ulemavu. Kesho ukifika kazini, wahesabu.