Kitenzi 'Toa' katika Darasa la Kwanza

Makala haya yanadhamiria kumulika kitenzi kimoja ambacho sisi wanafunzi wa lugha tumewaachia walimu wa Hisabati, nacho ni 'toa'.

Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976, sera ya elimu nchini Kenya imependekeza mtoto afunzwe kwa lugha ya eneo la shule katika madarasa matatu ya kwanza. Mijini, lugha hiyo aghalabu ni Kiswahili. Juzi nilimpangia mpwa wangu wa miaka sita vizibo vitano vya soda mezani, nikamwambia: "Toa viwili. Ni vingapi?" Akanikabidhi viwili, akajibu: "Viwili." Shuleni angetiwa mkasi. Je, alikosea nini? Kutoa ni kuondoa, naam, lakini pia ni kumpa mtu kitu: tunatoa sadaka, tunatoa zawadi. Isitoshe, mwalimu yuyo huyo huamuru "Toeni vitabu" akitaka vionekane, si vipungue. Kosa lilikuwa langu. Nilipouliza "Vimebaki vingapi?" macho yake yalirudi mezani, akajibu "Vitatu" bila kusita.

Ugumu wa pili umo katika upatanisho wa kisarufi. Mbele ya vizibo mtoto husema vitano, viwili, vitatu. Ubaoni husomewa "tano toa mbili ni tatu". Kiambishi cha ngeli kimedondoka, na vitu vyenyewe vimetoweka nacho. (Sita, saba na tisa hazina usumbufu huo, kwani hazipokei viambishi.) Yafaa basi mtoto akae na vizibo, na viambishi vyake, kwa siku kadhaa kabla ya kuonyeshwa tarakimu tupu.

Lililo gumu zaidi ni swali la ulinganishi: Juma ana maembe saba, Asha ana manne, Juma amemzidi Asha kwa maembe mangapi? Wengi hujumlisha, yamkini kwa sababu 'zidi' huwaashiria kuongeza. Na kwa kweli hakuna embe lililotolewa hapa. Nionavyo, aulizwe kwanza: "Asha aongezewe mangapi ili walingane?" Kisha maembe yapangwe safu mbili, la Juma mkabala na la Asha. Matatu ya Juma yatakosa wenzi, na mtoto atayahesabu kwa kidole.