Ekari Moja ya Mahindi Kando ya Serengeti

Chukua ekari moja ya mahindi katika kijiji cha Bonchugu wilayani Serengeti, au Gong'ora wilayani Tarime. Vijiji vyote viwili vimepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa 1951 na yenye kilomita za mraba 14,763. Ekari hiyo inaguswa na sheria zisizopungua nne. Sheria ya Mbolea Na. 9 ya 2009 ndiyo iliyounda TFRA, mamlaka inayosimamia mbolea ya ruzuku. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaeleza halmashauri itoze kiasi gani mazao yakiuzwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inaamua mwenye shamba apewe nini tembo wakipita. Juu ya hizo iko sheria ya kuidhinisha matumizi ya Serikali, inayopitishwa na Bunge, Dodoma, kila mwaka baada ya mjadala wa bajeti.

Kila sheria ina hesabu yake na wizara yake. Mkulima ndiye pekee anayezikuta zote mahali pamoja, shambani kwake. Kwa hiyo nimezikokotoa zote kwa ekari hiyo moja.

Kwanza mfuko mkuu. Mwaka 2021/22 bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa Sh bilioni 294. Mwaka 2023/24 ilifika bilioni 970, na 2024/25 ikavuka trilioni 1.2. Imekua zaidi ya mara nne ndani ya miaka mitatu, na hilo ni jambo kubwa ambalo wakulima walilidai kwa miongo. Ukiigawa hiyo ya 2024/25 kwa Watanzania 61,741,120 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, kila mmoja anapata kama Sh 20,000. Bajeti yote ya Serikali mwaka huo wa 2024/25 ilikuwa Sh trilioni 49.35, kwa hiyo Wizara ya Kilimo ilipata kama asilimia 2.5. Mwaka 2003, kule Maputo, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi asilimia 10 kwa kilimo. Ulinganisho huo hauko sawa kabisa, kwa sababu mifugo na uvuvi vina wizara yake, na barabara na umeme wa vijijini vimo katika mafungu mengine. Hata hivyo pengo ni pana.

Fedha hizo hazigawanywi kwa vichwa. Sehemu kubwa ya ongezeko ilikwenda kwenye umwagiliaji: tume yake ilitoka Sh bilioni 46.5 mwaka 2021/22 hadi bilioni 361.5 mwaka uliofuata. Ni uamuzi mzuri kwa mwenye bonde na skimu. Ekari yetu inangoja mvua za vuli na masika, kwa hiyo kilichoifikia hasa ni mbolea.

Tarehe 8 Agosti 2022, katika sherehe za Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea, uliotengewa Sh bilioni 150. Wakati huo vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei dunia nzima. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulikuwa umezidi Sh 131,000, na wa urea, ya kukuzia, ulikuwa umezidi Sh 124,000. Kwa ruzuku, kila mmoja uliuzwa Sh 70,000. Anayeweka mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia katika ekari alilipa Sh 140,000 badala ya 255,000. Serikali ilimchangia kama Sh 115,000 kwa ekari. Msaada wa kiasi hicho unaonekana jikoni na kwenye ada za watoto.

Ruzuku hii humfuata anayenunua mbolea. Mwenye mhogo, mtama au ulezi, mazao yanayozilisha kaya nyingi za Wangoreme, Waikoma na Wakurya wa tambarare, kwa kawaida hatumii mbolea ya dukani, na ruzuku yake ni sifuri. Kwenye miinuko ya Tarime, kwenye kahawa aina ya arabika na migomba, mbolea ina kazi. Chini huko mpakani na hifadhi, msaada hupungua kadiri mtu anavyokuwa maskini zaidi. Nauli ya kwenda kwa wakala na kurudi na mifuko miwili juu ya bodaboda pia haimo katika hesabu ya ruzuku.

Sasa mavuno. Tuseme mbolea imefanya kazi na ekari imetoa magunia 15 ya kilo 100. Bei ya kijijini hupanda na kushuka, na mahindi ya Tarime huvutwa pia na soko la Kenya kupitia mpaka wa Sirari, kwa hiyo nachukua kipimo cha umma: Sh 700 kwa kilo, bei ambayo Serikali ilitangaza mwaka 2024 kuwa NFRA, wakala wake wa hifadhi ya chakula, ingenunulia mahindi. Magunia 15 ni Sh 1,050,000.

Halmashauri nayo ina sehemu yake. Hadi 2017 ushuru wa mazao ulifika asilimia 5. Mwaka huo ulipunguzwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha chini ya tani moja akasamehewa. Magunia yetu 15 yakiuzwa kwa mkupuo ni tani moja na nusu, kwa hiyo ushuru ni Sh 21,000. Kisheria hulipwa na mnunuzi, lakini mnunuzi huutoa kwenye bei anayompa mkulima. Kushuka kutoka asilimia 5 kumebakiza kama Sh 31,500 shambani, na ni mageuzi yaliyomgusa hata mwenye mtama asiyejua mfuko wa urea unafananaje.

Hesabu hizo zote zinadhani kwamba mahindi yamevunwa.

Sensa ya wanyamapori ya 2014 ilihesabu tembo zaidi ya 6,000 katika ikolojia ya Serengeti upande wa Tanzania. Idadi ya watu nayo imepanda: Mkoa wa Mara ulikuwa na watu 1,743,830 mwaka 2012, na 2,372,015 mwaka 2022. Mahindi yakishaanza kubeba, tembo huvuka usiku. Kundi dogo humaliza ekari kabla ya alfajiri, na kinacholiwa ni kidogo kuliko kinachokanyagwa.

Mazao yakiharibiwa hulipwa kifuta jasho, na mtu akiuawa hulipwa kifuta machozi. Kanuni za malipo hayo za 2011 zilisema hivi. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikulipwa chochote. Kuanzia hapo malipo yalianzia Sh 25,000 kwa ekari na yalipanda kadiri shamba lilivyokuwa mbali, hadi Sh 100,000. Hayakuzidi ekari 5. Kwa mtu aliyeuawa, familia ilipewa Sh milioni 1.

Rudi kwenye ekari yetu, iliyo karibu na mpaka lakini nje ya zile mita 500. Serikali iliweka ndani yake Sh 115,000 za ruzuku. Mkulima aliweka 140,000 zake za mbolea, pamoja na mbegu, jembe na palizi. Mavuno yaliyopotea ni Sh 1,050,000. Kwa viwango hivyo vya 2011 malipo yalikuwa 25,000, yaani asilimia 2.4. Angepoteza ekari zote tano zilizoruhusiwa, angepata Sh 125,000, ambazo hazinunui mifuko miwili ya ruzuku ya kuanzia upya katika ekari moja tu. Na tofauti kati ya ushuru ambao halmashauri ingechukua mazao yakiwa salama na malipo yaliyotolewa yakiliwa ilikuwa Sh 4,000.

Serikali imeshavipandisha viwango hivyo, baada ya miaka mingi ya wabunge wa majimbo ya mipakani kulisemea jambo hili. Lakini hata kiwango cha chini kikiongezwa maradufu, Sh 50,000 haifikii bei ya mfuko mmoja wa ruzuku.

Hoja ya kupandisha malipo kwa umbali inaeleweka: sheria haitaki kuwavutia watu kulima mlangoni mwa hifadhi. Ila wengi walio mlangoni hawakuvutwa na malipo. Walizaliwa hapo, katika vijiji vilivyosajiliwa, vyenye shule na zahanati za Serikali. Aliye karibu zaidi ndiye anayekesha zaidi, naye ndiye anayelipwa kidogo zaidi.

Kukesha kwenyewe kuna gharama, na hakuna sheria inayoihesabu. Tuseme familia inalinda usiku 60, tangu mahindi yabebe hadi yavunwe, na usiku mmoja tuupe thamani ya kibarua cha Sh 5,000. Hizo ni Sh 300,000, zaidi ya mara mbili na nusu ya ruzuku ya mbolea ya ekari moja. Hulipwa kwa usingizi, kwa tochi na madebe ya kupigwa, kwa kamba za katani zilizopakwa pilipili na oili chafu, na kwa mtoto anayesinzia darasani asubuhi. Nadhani hiki ndicho kipengele kizito kuliko vyote katika uchumi wa vijiji hivi, na hakimo katika kitabu chochote cha bajeti.

Upande wa pili wa mpaka, mgeni mtu mzima kutoka nje ya nchi hulipa dola 70 kabla ya VAT kuingia Serengeti kwa siku moja katika msimu wa wageni wengi. Kwa dola ya kama Sh 2,500 hiyo ni Sh 175,000. Kwa kiwango cha chini cha 2011, kiingilio cha mtu mmoja kwa siku moja kinalipia ekari saba zilizoliwa.

Kwa kulinganisha, Marekani wana utaratibu wa kukusanya misaada ya wakulima katika sheria moja kubwa inayopitiwa kila baada ya miaka mitano hivi. Ile iliyosainiwa Desemba 2018 ilikadiriwa kugharimu dola bilioni 867 kwa miaka 10, na kama robo tatu yake ni msaada wa chakula kwa kaya maskini. Utajiri huo hatuna, na sioni haja ya kuuiga. Ninachokitazama ni bima ya mazao: kwa wastani serikali yao hulipa kama asilimia 62 ya ada, na uharibifu wa wanyamapori ni miongoni mwa majanga yanayofidiwa. Mkulima ambaye mahindi yake yameliwa na paa huhesabiwa pamoja na aliyepigwa na ukame.

Tarime ina nafuu ambayo Serengeti haina, kwa sababu ya mgodi wa North Mara: halmashauri hupata ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo yake. Na tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini ni mkopo. Kikundi kilichokopa kulima kisha shamba likaliwa bado kinadaiwa marejesho.

Ningependekeza kiwango cha chini cha malipo kisishuke chini ya bei ya mbolea aliyonunua mkulima, yaani Sh 140,000 kwa ekari ya mahindi kwa bei za 2022. Tuchukulie ekari 10,000 zimeharibiwa nchi nzima kwa mwaka. Gharama ni Sh bilioni 1.4, isiyofika asilimia 1 ya zile bilioni 150 za ruzuku. Zikiwa ekari 50,000, ni bilioni 7.

Taarifa zipo tayari. Ili kupata ruzuku, mkulima ameandikishwa kwa jina, kijiji, ukubwa wa shamba na zao. Tembo wakipita, mtendaji wa kijiji na afisa ugani huanza kuandika vitu vilevile upya, fomu inakwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, kisha wizarani, na miezi inapita. Namba ya usajili wa ruzuku ikiandikwa juu ya fomu ya kifuta jasho, sehemu kubwa ya uhakiki inakuwa imekwisha. Hilo halihitaji muswada mpya bungeni. Kanuni hutungwa na Waziri wa Maliasili na Utalii, daftari la wakulima liko kwa mwenzake wa Kilimo, na ofisi zote mbili ziko Dodoma.