Miamba ya Mukumu Imeizidi Oksijeni kwa Umri

Mukumu na Ilesi ziko kwenye barabara moja, ile iendayo Kisumu kutoka Kakamega. Wasafiri husimama Ilesi kulitazama Jiwe Linalolia, ila wachache hujua kwamba miamba ya kale ya eneo hili ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipoundwa, duniani hapakuwa na hewa ya kumwezesha mtu kuishi.

Angahewa ya wakati huo ilitokana hasa na volkano: naitrojeni, hewa ukaa, mvuke. Oksijeni ilikuwa haba mno. Ushahidi hauko mbali. Milima ya Samia, kule Busia, ina miamba ya chuma yenye matabaka, na wahunzi wa Kisamia walisifika kwa majembe yao. Chuma hicho kiliwahi kuyeyuka katika bahari ya kale. Katika bahari ya leo kisingedumu hivyo, maana oksijeni ingekigeuza kutu kikazama.

Viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, sianobakteria, ndio walioigeuza hali hiyo. Walitumia mwanga wa jua kuyavunja maji na kutoa oksijeni, nayo yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita ikaanza kujikusanya hewani. Leo, ukiondoa mvuke, angahewa ni naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21 na argoni karibu 1. Hata wekundu wa udongo wa mashamba yetu umetokana na oksijeni hiyo: ni chuma cha miamba kilichoshika kutu.

Sikubaliani basi na wanaosema Msitu wa Kakamega ndio unaotupa pumzi. Mti hutoa oksijeni, kweli, lakini jani likianguka na kuoza, kuvu na bakteria huitumia karibu yote. Ziada hupatikana pale tu kaboni inapofukiwa isioze, na akiba tunayoivuta leo ilijikusanya kwa mamilioni ya miaka. Msitu huu ukikatwa hatutakosa oksijeni. Balaa ni kaboni iliyomo kwenye magogo na udongo wake, ambayo itapanda hewani. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni; sasa imepita 420, na joto la dunia limeongezeka kwa zaidi ya nyuzi 1. Tena miti hiyo hurudisha mvuke angani, na mvuke huo ni sehemu ya mvua inayonyeshea mahindi ya majirani zake.